Jina Lisilowahi Kuvaliwa

"Mama Emrisi, siku ile ulimtupa kweli, au mlikuwa mnacheza tu?"

Murielle alikuwa na miaka tisa alipouliza hivyo. Aliuliza barazani, mchana kweupe, mbele ya watu waliokuja kuchukua nguo zao. Mama yake, Victorine, nusura amwage chai.

"Weye Murielle! Swali gani hiyo? Batu banauliza mambo ya hivyo?"

Lakini swali lilikuwa limeshatoka, na lilikuwa limesimama pale katikati ya baraza kama mgeni ambaye hakuna aliyemkaribisha. Mayasa, huyo Mama Emrisi mwenyewe, alikuwa kwenye cherehani yake, pini zimebanwa midomoni. Emrisi mwenyewe alikuwa chini anajifunza kutembea kwa kushika ukuta, hana habari. Mayasa alimtazama Murielle kwa muda, akakanyaga pedali ya cherehani, ikalia trrrrr mpaka mwisho wa pindo. Akakata uzi. Akageuza nguo. Trrrrr tena.

Nyumba nzima ilijua kwamba pini zikiwa mdomoni mwa Mayasa, usipoteze muda wako kubisha hodi.

Nyumba yenyewe ni moja ya zile za kizamani za mtaa wa Bellevue, Johannesburg, zenye dari la bati lililonakshiwa maua maua, ambazo zilijengwa kwa familia moja na sasa zimekatwa kwa mbao zikawa na familia sita. Chumba cha mbele ni cha Mayasa na mumewe Karimu, watu wa Tanga. Kinachofuata ni cha Victorine na binti yake, Wakongo wa Uvira. Huko nyuma wako Wazimbabwe, na jiko ni la wote, na kila mtu anajua mwenzake ameunguza nini. Mayasa alishonea pale barazani kwa sababu ndipo palipokuwa na mwanga. Sare za shule, zipu zilizokufa, suruali za walinzi zilizopasuka pale zinapopasukia suruali za walinzi. Alijifunza ufundi kwao Tanga, mtaa wa Ngamiani, kwa shangazi yake, mwanamke mkali aliyeamini kwamba fundi anayezungumza huku anakata kitambaa ataharibu vyote viwili, na Mayasa akaja na tabia hiyo mpaka Johannesburg: kazi kwanza, maneno baadaye, na mara nyingi hiyo baadaye haikufika.

Kabla ya Emrisi, Mayasa alizaa watoto wawili wa kiume.

Wa kwanza aliitwa Mbwana, jina la babu yake mzaa baba, kama ilivyo desturi. Hakufika hata siku ya kunyolewa nywele za uzazi. Wa pili aliitwa Hatibu, jina la babu mzaa mama. Huyu alikaa kidogo, akaanza kucheka, akaizoea sauti ya cherehani hata ikawa ndiyo inayomlaza. Halafu asubuhi moja hakuamka kunyonya. Madaktari walieleza kwa upole mambo ambayo Karimu aliyaelewa nusu na Mayasa hakuyasikiliza. Kulikuwa na kabati la nguo ndogo ndogo alizozishona mwenyewe, zenye kola na vifungo na hata mifuko, kana kwamba mtoto mchanga ana kitu cha kutia mfukoni. Akazikunja zote. Akafunga kabati.

Alipopata mimba ya tatu hakushona kitu. Fundi mzima, tumbo limefika puani, hata kikofia! Wanawake wa jikoni waliona, na hakuna aliyethubutu kuuliza.

Mtoto akazaliwa, wa kiume tena, mzito, mwenye sauti ya mtu anayedai haki yake. Siku zikapita na jina halikutoka. Karimu akitaka kulisema, Mayasa anamziba mdomo kwa kiganja. Wakawa wanamwita "mgeni". Mgeni amelala? Mgeni amenyonya? Mpaka Bi Kidawa, mama yake Mayasa, akapiga simu kutoka Tanga, na kwa kuwa mikono ya Mayasa ilikuwa na unga, simu ikawekwa sauti ya juu mezani, jiko lote likasikia.

"Mayasa mwanangu," alisema Bi Kidawa, "kifo kimeshayajua majina ya nyumba yetu. Kinakuja mlangoni, kinaita, na watoto kwa adabu zao wanaitika. Huyu mtafutie jina ambalo chenyewe hakilijui."

"Nitalipata wapi, mama?"

"Jalalani."

Hapo Wakongo wakaacha kukatakata sombe, kisamvu chao, wakasogea.

Kwao Mayasa desturi hiyo ni ya zamani. Mama aliyezika watoto hamwiti yule wa mwisho kwa jina. Humpeleka jalalani, akamweka juu ya ungo, akageuka akarudi nyumbani kama mtu aliyekwenda kumwaga maganda ya muhogo. Mpita njia akimwokota, basi mtoto ni wa mpita njia. Yeye ndiye atakayempa jina. Baada ya hapo mama huja kumkomboa kwa kitu alichokivaa mwilini. Wako watu wazima huko Tanga, wenye mvi na wajukuu, wanaoitwa Jalala, au Mtupeni, na hakuna anayewacheka, maana kila mtu anajua majina hayo yaliwavusha wapi.

"Sikiliza masharti," akaendelea Bi Kidawa. "Anayemwokota asiwe wa damu yetu. Asiwe wa lugha yetu. Asiwe anawajua. Na jina atakalolitoa liwe halijawahi kuzikwa, yaani asiwepo maiti yeyote aliyelazwa nalo. Na wewe, Mayasa, ukishamweka chini, usimwite, usimdai, usiseme kitu mpaka jina litoke. Ukisema neno moja tu kabla, umemrudisha yule yule."

Karimu akakohoa. "Mama, shikamoo. Kwa heshima yako, mambo haya si ya dini."

"Marahaba, mkwe wangu. Wawili umeshawazika kwa dini safi kabisa, wala sikukuingilia. Huyu mmoja niachie."

Ndivyo ilivyoamuliwa.

Victorine ndiye aliyeona tatizo. "Bon. Lakini jalala iko wapi huku? Huku Joburg taka inabebwa na lori."

Kweli. Mji mkubwa namna ile, na hauna jalala la kumwekea mtoto! Wakakubaliana kwamba siku lori la taka linapopita, mapipa yote yanasukumwa nje mpaka kando ya barabara, na hapo pembeni ya pipa ndipo penye jalala la mtaa. Ungo pia haukuwepo. Wakachukua beseni la kufulia la Victorine, wakatandika blanketi.

Asubuhi ya siku hiyo kulikuwa na baridi ya kuuma masikio na jua jeupe. Mayasa alitoka na beseni, akaliweka kando ya pipa, kwenye majani. Mtoto alikuwa macho. Mayasa akageuka. Baina ya pipa na mlango ni hatua chache tu, mtoto wa shule anaziruka akicheza, lakini yeye alizitembea kana kwamba anapanda mlima. Akaingia ndani, akasimama nyuma ya pazia la dirisha la mbele pamoja na Victorine. Karimu alisema yeye hayumo. Alisema hivyo akiwa nyuma ya mlango, mguu mmoja una kiatu na mwingine uko tayari.

Wa kwanza kupita alikuwa Vuai, Mzanzibari anayeuza makava ya simu.

"Ala! Mtoto wa Mayasa huyu! Mmeanza kuwafua siku hizi?"

"Vuai, pita zako!" Karimu alinong'ona kwa nguvu kupitia tundu la mlango. "Pita!"

"Nipite vipi, na mimi ni mjomba wake?"

"Nenda, nitakueleza!"

Akaenda, anacheka peke yake. Akaja mwokota machupa, anavuta toroli yenye gunia kubwa kama chumba. Alifunika uso kwa kofia ya sufu, na Mayasa akajiambia: huyu. Yule mtu akasimama, akainama, akatikisa kichwa, kisha akaigeukia nyumba na kupaza sauti kwa Kiswahili kilichonyooka: "Hodi humu! Mwenye mtoto! Baridi hii jamani!" Kumbe alikuwa Myao aliyekaa Tunduru miaka mingi. Na ng'ambo ya barabara bibi wa Kizulu, Gogo wa nyumba ya kona, alikuwa ameshatoka kuuliza kama mtoto amevaa zile soksi alizomfumia.

Mayasa aliegemeza paji la uso kwenye kioo. Alikuja mji huu akiambiwa ni mji wa watu wasiojuana. Miaka yote alilala akiamini kwamba akianguka barabarani hakuna wa kumtaja. Na leo, siku anayomhitaji mtu mmoja tu asiyemjua, kila anayepita ni mjomba, ni shangazi, ni bibi! Hakujua acheke au alie.

Ndipo akatokea yule mama wa Kizungu.

Alikuwa mzee, mrefu, mwembamba kama mwiko, kavaa sweta la kijani na raba nyeupe. Wakati mwingine walimwona kwa mbali, akitembea asubuhi kutoka upande wa kilima cha Observatory na kurudi, hamsemeshi mtu. Akalifikia pipa. Akasimama.

Sasa hapa ndipo walipokosea, na ni kosa ambalo wangelifanya watu wa nyumba ile tu. Kwao Mayasa, mtoto akionekana jalalani, kila mpita njia anajua mama yake yuko nyuma ya mti anachungulia. Ni salamu, ni ombi, ni jambo la watu wawili wanaoelewana. Lakini Johannesburg mtoto akionekana kando ya pipa la taka, maana yake ni kwamba hana mama. Imetokea mara nyingi, watu wamesoma, wamelia, wamezoea. Na katika wale wote waliokaa jikoni kupanga, Watanga kwa Wakongo, hakuna hata mmoja aliyelifikiria hilo.

Yule bibi hakutazama nyumba. Alipiga magoti, akamtoa mtoto kwenye beseni, akafungua vifungo vya sweta lake, akamtia ndani, akafunga. Kisha akaondoka. Kwanza alitembea. Halafu akakimbia.

"Mungu wangu," alisema Victorine. "Anaenda naye!"

Karimu, aliyekuwa hayumo, alikuwa wa kwanza kufika barabarani, kiatu kimoja. Victorine akafuata na kitambaa cha kichwa kinafunguka nyuma kama bendera: "Maman! Maman, si hivyo!" Wakateremka mtaa mzima namna hiyo, bibi wa Kizungu na mtoto mweusi kifuani, nyuma yake mwanamume anachechemea, nyuma yake mwanamke anapiga mayowe ya Kifaransa. Hebu fikiria watu waliwaonaje! Mafundi wa tairi wakaacha tairi. Mwenye spaza, kiduka cha mtaani, akatoka nje. Walipofika kwenye taa za magari za barabara kubwa, ambazo huku huitwa robot, mlinzi wa duka la nyama alitanua mikono, watu wakawazunguka.

"Ametupwa!" yule bibi alikuwa anahema. "Ametupwa kwenye taka! Piga simu polisi!"

"Ni mwanangu!" alisema Karimu.

"Mwanao yuko kwenye taka anafanya nini?"

Karimu angejibu nini? Yeye mwenyewe alikuwa amempinga mama mkwe wake kwa jambo hilo hilo. Mlinzi alikuwa ameshatoa simu. Na kila aliyesimama pale aliijua njia ya simu ile: polisi, ofisi za watoto wasio na wazazi, milango ambayo watu wa makaratasi mabovu wakiingia huwa hawatoki na kitu mkononi.

Hapo ndipo Mayasa alipofika. Hakukimbia. Alikuja akitembea katikati ya barabara, kanga mabegani, midomo ameibana kama kawaida yake, ila safari hii haina pini. Watu wakampisha. Akasimama mbele ya yule bibi, karibu kabisa, mikono ameifunga nyuma.

Unyayo mdogo ulikuwa umechomoza kwenye sweta la kijani, unatafutatafuta. Mtoto akalia. Na mara gauni la Mayasa likalowa kifuani, pande zote mbili, mbele ya umati wote ule.

Yule bibi aliona. Alikuwa amezalisha wanawake wa mji huu maisha yake yote ya kazi. Maziwa alikuwa anayajua.

"Ni wako?" akauliza, kwa sauti nyingine.

Mayasa akanyamaza.

"Sema, mama!" "Khuluma, mama!" "Sema ndiyo!" Kila mtu kwa lugha yake. "Mayasa," alisema Karimu, "mke wangu, sema basi. Sema yaishe."

Neno moja tu lilikuwa baina yake na mtoto wake. Alilisikia limekaa juu ya ulimi, zito, tamu. Mlinzi alikuwa anabonyeza simu. Mayasa aliutazama ule unyayo, akauangalia vizuri kama anavyopima kwa macho mguu wa suruali, na hakusema.

Ilimbidi Victorine aseme. Alimsogelea yule bibi mrefu, akamshika mkono, akaeleza kwa Kiingereza chake cha sokoni, anachomeka Kifaransa penye matundu. Wawili wamekufa. Bibi ya mtoto, huko Tanga, amesema. Si kutupa, ni kutupa-si-kutupa. Wewe ndiye uliyemwokota, maman, sasa wewe ndiye mwenye mtoto. Mpe jina. Jina likitoka mama yake atasema. Kabla ya hapo hata mkimchoma moto hatasema.

Yule bibi alisikiliza mpaka mwisho. Alimgeukia mlinzi, akamwambia aiweke simu mfukoni. Mwenye spaza akavuta kreti la soda, bibi akakaa na mtoto.

"Jina la namna gani?"

"Ya kwenu kabisa. Isikuwe ya Kiingereza ya kila siku," alijibu Victorine.

"Kiingereza si kwetu," alisema yule bibi, na hapo kwa mara ya kwanza akachangamka, tena kwa hasira kidogo. "Mimi ni wa Welisi. Naitwa Eluned. Kwetu ni milima na mvua na kondoo, na lugha yetu ilikuwepo kabla Kiingereza hakijazaliwa."

Umati ukasema "Aaa," ingawa hakuna aliyejua Welisi iko wapi.

"Dafydd," alisema Bi Eluned, anamtazama mtoto.

Mayasa alimgeukia Victorine. Victorine akauliza: "Huyo ni nani?"

"Mume wangu."

"Iko muzima?"

"Nilimzika."

Mayasa akatikisa kichwa.

"Gwilym, basi. Baba yangu... hapana, naye pia. Ieuan. Ni kaka yangu, alikuwa na sauti, akiimba kanisani hata wasioamini walisimama nje kusikiliza." Akasita kabla hajaulizwa. "Naye pia. Tegid, mwalimu wetu wa..." Akaacha.

Magari yalikuwa yanapiga honi. Yeye hakusikia. Alikaa juu ya kreti la soda na mtoto wa watu kifuani, anapitisha macho ndani ya kichwa chake kama mtu anayezunguka nyumba anafungua chumba baada ya chumba.

"Wote," alisema polepole. "Kila jina la lugha yangu ninalolijua lina mtu chini yake. Sikuwahi kulitambua hilo mpaka leo. Kumbe sina hata mmoja aliye hai wa kumwita."

Hakuna aliyecheka. Fundi mmoja wa tairi alivua kofia, hata hakujua kwa nini. Mayasa alikuwa bado amesimama, gauni limelowa, akijiuliza, kama bibi huyu hana jina, basi nani tena duniani analo?

Kisha Bi Eluned akasema, "Liko moja."

Akasema yeye na Dafydd walipokuwa vijana walilichagua jina la mtoto wa kiume. Walibishana juu yake majira mazima ya baridi, wakalipata, wakaliweka. Mtoto hakuja. Si kwamba alikufa, la. Hakuja kabisa, hata mimba. Wakaacha kulitamka, na Dafydd akafa bila kulitamka tena. Hakuna mtu aliyewahi kuitwa nalo mbele yake, wala, kwa anavyojua, aliyezikwa nalo. Alidhani na yeye atakwenda nalo hivyo hivyo.

Victorine alimgeukia Mayasa amtafsirie, na Mungu anajua alivyoyapata maneno yale, maana Victorine hakuwa mtu wa maneno laini. "Anasema iko jina moja alilishona zamani," alisema, "mtoto akakosa kuja kulivaa. Iko vile vile, mupya, haina hata alama ya jasho."

Mayasa aliinua macho. Akaangaliana na yule bibi, fundi kwa fundi. Kwenye kabati la mmoja, nguo zilizobaki baada ya watoto. Kwenye moyo wa mwingine, nguo iliyobaki kabla ya mtoto. Akaitikia kwa kichwa.

Bi Eluned akainama mpaka midomo yake ikagusa sikio dogo, akalisema.

"Emrys."

Mtoto alinyamaza. Akapiga mwayo mkubwa kuliko uso wake.

Mayasa akafungua mdomo. Sauti ilitoka imechanika, kama mlango uliofungwa msimu mzima. "Emrisi," alisema. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu beseni liguse majani. "Emrisi. Emrisi wangu." Akavua kanga mabegani, akamvika Bi Eluned, na Bi Eluned akafungua vifungo vya sweta.

Vigelegele vilianzia kwa wanawake wauza mboga, vikavuka barabara. Robot iligeuka kijani na gari la mbele halikwenda, dereva alikuwa amesimama nusu nje ya mlango anashangilia mtoto asiyemjua. "Eish," alisema mlinzi, anajifuta macho kwa mkono wa sare yake. "Eish, nyinyi watu."

Lakini jina ni jina, na hofu ni hofu. Mayasa hakulala vizuri mpaka arobaini ilipopita. Siku iliyofuata alifungua kitambaa, akashona kikofia. Kisha shati. Akaweka na mifuko.

Bi Eluned alianza kuja Ijumaa, amevaa ile kanga juu ya sweta kama shuka la ushindi. Alimfundisha Emrisi kuhesabu kwa Kiwelisi, akihesabia vifungo kwenye kopo la Mayasa. Emrisi alipofika miaka mitatu, ndipo Karimu alipouliza chai ikiwa mezani: "Bi Eluned, hivi jina hili maana yake nini?"

"Lina asili ya kale sana," alisema Bi Eluned, "kabla halijafika kwetu. Maana yake ni asiyekufa."

"Ulilijua hilo siku ile?" aliuliza Mayasa.

"Nililijua."

"Ukanyamaza?"

"Na wewe si ulinyamaza?"

Karimu alishtuka kwa njia yake. "Asiyekufa ni Mungu peke yake!" Akatoka kwenda msikitini, akarudi jioni amelipatia ufumbuzi: huko Emrisi ataitwa Abdulhai, mtumwa wa Aliye Hai, mambo yakae mahali pake. Mayasa hakubisha. Aliondoka tu akaenda chumbani, akasimama juu ya mtoto aliyelala, akaweka kiganja karibu na pua yake, akahisi ile pumzi ya moto inakuja, inakwenda, inakuja. Alikaa pale mpaka chai ya watu ikapoa.

Bi Eluned alifariki majira ya baridi yaliyopita, usingizini, katika uzee wake mwema. Mayasa aliogopa sana kwenda mazikoni na Emrisi. Mwenye jina anazikwa, jina je? Lakini pale kaburini mchungaji alipolisoma jina la marehemu, Mayasa akakumbuka: lile la Emrisi halikuwa la bibi huyo. Lilikuwa limepita mikononi mwake tu. Emrisi, mwenye miaka minane, suruali fupi kidogo kwa kuwa anakua kuliko mama yake anavyoshona, alichota udongo, akautupa, akahesabu kwa sauti ndogo kwa lugha ambayo pale hakuna mwingine aliyeielewa. Kisha akarudi akasimama kwa mama yake, juu ya ardhi, mzima.

Jumamosi iliyofuata Murielle alikaa barazani akisubiri sketi yake ya shule. Sasa alikuwa na miaka kumi na sita, na swali lake alikuwa hajalisahau hata siku moja. Emrisi alikuwa uani na wenzake anagombania mpira. Murielle hakurudia swali. Alisema tu, "Mama Emrisi, hukuwahi kunijibu."

Cherehani ikanyamaza. Mayasa akatoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye kile kimto chake.

"Nilimtupa," alisema.

Murielle akangoja.

"Pale kwenye robot walikuwa wananiambia sema, sema. Nikaona nikisema nitarudishiwa yule yule, yule niliyekuwa nikimnyonyesha huku namtayarishia sanda. Basi nikamwacha. Kabisa, Murielle. Nilimwangalia mguu wake nikaagana naye. Ningekwambia ulipokuwa mdogo, ungeniogopa." Alitazama uani. "Yule wangu sijui alikwenda wapi. Huyu nililetewa. Ndiyo maana mpaka leo nikimwita, akaitika, mimi hushtuka."